Mwalimu, nibadilishe pikapu au ninunue besi nyingine?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Napiga besi kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Morogoro, huu ni mwaka wa tatu. Gitaa langu halina jina kubwa, nililinunua laki tatu na nusu. Nyumbani, kwenye amplifaya yangu ndogo, linasikika vizuri. Tukiingia ibadani, ambako nachomeka moja kwa moja kwenye miksa, sauti inafifia kama imefunikwa blanketi. Tena nikipanda kuanzia freti ya saba kwenda juu, noti hazikai sawa na kinanda hata kama nimetyuni vizuri. Nimeweka akiba milioni moja na laki mbili. Mpiga kinanda wetu ananishauri ninunue besi ya nyuzi tano yenye betri, kwa sababu nyimbo zetu nyingi ziko kwenye E-flati. Rafiki yangu anasema nisipoteze hela, niweke pikapu mpya kwenye hili hili. Mikono yangu ni midogo. Unanishauri nini? Na Mungu akinijalia milioni tatu siku za mbele, niende wapi?"

Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana ndani yake kuna maswali manne, na hao wawili wanaokushauri kila mmoja ameshika moja tu. Kabla hujatoa shilingi moja kwenye hiyo akiba, tuyatenganishe.

Tuanze na noti zisizokaa sawa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapochoma hela. Pikapu haiwezi kupandisha wala kushusha noti. Ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa, basi. Inasikia tu kile ambacho uzi umeshasema. Ukiweka pikapu ya gharama kwenye gitaa ambalo noti zake zimepotoka, utasikia upotofu uleule, safari hii kwa uwazi zaidi.

Nalijua hilo kwa kulilipia. Nikiwa kijana nilinunua besi moja nyekundu, inang'aa, kwenye duka moja la Kariakoo. Ilipendeza hata ikiwa imetundikwa ukutani. Ilipoanza kunisumbua nikabadilisha pikapu, nikabadilisha daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, nikabadilisha vifunguo vya kukazia nyuzi, hadi nikawa nimetumia zaidi ya bei niliyoinunulia. Siku moja mzee mmoja wa bendi za dansi akaiomba aione. Hakupiga hata noti moja. Aliinyanyua hadi usawa wa jicho kama mtu anayelenga shabaha, akatazama kutoka kichwani kuelekea kwenye mwili wa gitaa, kisha akanirudishia. "Shingo imejisokota," akasema. Nikatazama na mimi, nikaona: upande wa uzi mnene umepanda, upande wa uzi mwembamba umelala, kama nguo iliyoanza kukamuliwa. Hakuna pikapu inayotibu ugonjwa huo. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue besi gani, namwambia hela ya besi ni hela ya shingo. Mengine yote utayabadilisha kidogo kidogo kadiri unavyopata. Shingo ukikosea, umekosea.

Kwa hiyo, Jumamosi kabla ya mazoezi, ikague shingo yako. Lityuni gitaa kwanza, maana nyuzi zikiwa zimelegea kipimo kinadanganya. Keti, lipakate kama unavyolipiga. Kwa mkono wa kushoto bonyeza uzi mnene kabisa, ule wa E, kwenye freti ya kwanza, yaani kile kijiti cha chuma cha kwanza kutoka kichwani. Kwa mkono wa kulia ubonyeze uzi huohuo pale shingo inapoungana na mwili. Sasa uzi umekuwa rula iliyonyooka. Inamisha kichwa utazame katikati, kwenye freti ya saba au ya nane: kati ya tumbo la uzi na mgongo wa freti panatakiwa kuwa na mwanya mdogo sana, kama milimita 0.3. Kadi ya biashara ya karatasi ngumu itapita ikigusagusa. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ikipita hiyo bila kuinua uzi, shingo imepinda mbele kupita kiasi. Na kama hakuna mwanya wowote, shingo imenyooka mno au imepinda kwa nyuma, na utakuwa unasikia nyuzi zikikwaruza kwenye freti za mwanzo.

Rudia hivyo hivyo kwenye uzi mwembamba, ule wa G. Linganisha. Mianya miwili ikikaribiana, furahi, shingo yako ni nzima na inarekebishika. Ikitofautiana sana, upande mmoja kadi ya benki inapita na upande wa pili hata karatasi haipiti, hiyo ndiyo besi yangu nyekundu. Usiiwekee kitu kingine chochote.

Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, mafundi tunaiita trasi rodi. Nati yake iko kichwani, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, au upande wa pili shingo inapoingia mwilini. Ukiikaza kwa kufuata mshale wa saa, shingo inanyooka. Ukiilegeza, nyuzi zinaivuta mbele. Alenki, ule ufunguo wa pembe sita, lazima iingie na kukaa kabisa. Magitaa mengine yanatumia vipimo vya milimita, mengine vya inchi, na alenki inayocheza ndiyo inayokula nati hadi ikawa duara, hapo hata fundi mzuri anapata kazi. Zungusha robo tu. Tyuni tena, subiri, pima tena. Ukihisi nati inakataa, acha, mpelekee fundi. Wala usishangae ukilazimika kuirudia kazi hii mara mbili kwa mwaka: mlango wako unaokwama masika na kufunguka vizuri kiangazi ni mbao, na shingo ni mbao.

Shingo ikishakaa, pima kimo cha nyuzi. Fender, kiwanda cha magitaa cha Marekani, wao hupima kwenye freti ya 17, kutoka mgongo wa freti hadi tumbo la uzi: kama milimita 2.4 hadi 2.8 kwa uzi mnene na 2.0 hadi 2.4 kwa mwembamba. Rula ya shuleni inatosha. Nahisi zako ziko juu sana, na hapo ndipo chanzo kimojawapo cha tatizo lako kilipo. Uzi ukiwa juu, unapoubonyeza hadi uguse freti unauvuta, na uzi unaovutwa unapanda. Kadiri unavyopanda shingoni ndivyo unavyouvuta zaidi, ndiyo maana freti za chini hazikusumbui.

Chanzo cha pili ni vile vitandiko vidogo vya daraja ambavyo kila uzi umelalia. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, ulie ile sauti ya kengele, uitazame kwenye tyuna. Kisha ubonyeze kwenye freti hiyohiyo, uupige. Noti mbili hizo zinatakiwa kuwa moja. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kitandiko nyuma kwa bisibisi, kiwe mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kila ukigeuza skrubu, tyuni upya kabla ya kupima. Nyuzi nne, dakika ishirini, na kuna besi za laki tatu ambazo kwa dakika ishirini hizo zimegeuka vyombo vya kuheshimika.

Lakini usianze kuseti kabla ya kubadilisha nyuzi. Hukuniambia zako ni za lini, na mpigaji asiyetaja nyuzi mara nyingi bado anazo zile alizozikuta dukani. Uzi uliojaa jasho na uchafu unakuwa mzito sehemu moja na mwepesi sehemu nyingine. Hautakaa sawa hata daraja liwekwe na malaika. Nunua seti ya kawaida ya nikeli, unene wa .045 hadi .105, au .100 kwa mkono mwepesi kama wako. Bei yake ni kama robo ya bei ya pikapu nzuri, na hakuna kitu kingine kitakachobadilisha sauti yako kiasi hicho kwa hela hiyo. Ile desturi ya kuzichemsha nyuzi sufuriani, au kuzilaza kwenye spiriti usiku kucha, inatoa uchafu kweli na zinang'aa siku chache, kisha zinarudi zilikokuwa. Ni dawa ya dharura. Heri ukimaliza kupiga uzifute kwa kitambaa kikavu, juu na chini ya kila uzi. Ndugu zetu wa Tanga, Dar na Mombasa wasiofuta wanaona kutu kabla mwezi haujaisha.

Kuna pia nyuzi bapa, zilizosagwa zikawa laini kama utepe. Zinatoa sauti nene, fupi, isiyo na mng'ao mwingi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia hizo kwenye Fender Precision yake ya 1962 na alikuwa haamini katika kuzibadilisha. Kwa nyimbo za kwaya za polepole, na kwa rumba ya kizamani, mimi nazipenda mno. Ni ghali kuliko za kawaida lakini zinaishi miaka. Anza na za kawaida, uijue sauti ya gitaa lako kwanza.

Sasa lile blanketi la ibadani. Hapa ndipo nilipofurahi kwamba umeeleza kwa makini, maana umejijibu bila kujua: nyumbani kuzuri, kanisani kubaya, na kanisani unachomeka moja kwa moja kwenye miksa.

Pikapu ya gitaa lisilo na betri ni chemchemi ndogo. Maji yake ni masafi lakini ni machache, yanahitaji mtu achote taratibu kwa kata. Tundu la amplifaya ya gitaa limetengenezwa hivyo, lina upinzani wa karibu ohmu milioni moja, linaonja tu. Tundu la kawaida la laini kwenye miksa lina kama ohmu elfu kumi au ishirini. Huo ni mpira mpana unaofyonza, na chemchemi inazidiwa. Kinachokufa kwanza ni sauti za juu, ile ncha ya kidole kugusa uzi, na hiyo ndiyo inayomwezesha msikilizaji kutambua umepiga noti gani. Kinachobaki ni mvumo usio na uso. Waya mrefu wa kutoka jukwaani hadi kwa fundi mitambo unazidi kuzila sauti hizo za juu.

Dawa yake ni kiboksi kinachoitwa DI. Gitaa linaingia upande mmoja kwa waya mfupi, upande wa pili unatoka waya wa maikrofoni kwenda kwenye miksa, hata mita thelathini bila kupoteza kitu. Chagua DI inayotumia umeme, ama wa betri ama wa volti 48 kutoka kwenye miksa, kwa sababu zile zisizotumia umeme zina upinzani mdogo na besi kama yako bado itazibwa kidogo. Zipo za bei ya chini kuliko pikapu. Na kabla hujainunua, mwombe fundi mitambo wenu atazame kama miksa ina kitufe kilichoandikwa Hi-Z, yaani cha kuchomekea gitaa, kwenye mojawapo ya njia. Kama kipo, chomeka hapo, kibonyeze, na huenda tatizo lako likaisha bure kabisa.

Umeona sasa kwa nini mpiga kinanda anaamini betri? Besi yenye betri ina amplifaya ndogo ndani yake inayosukuma, kwa hiyo haizidiwi na miksa. Amezisikia zikichomekwa palepale unapochomeka wewe, zikasikika, akahitimisha kuwa besi isiyo na betri ni dhaifu. Amesikia vizuri, ila sababu siyo hiyo. Fender Precision ya mwaka 1951, besi ya umeme iliyofungua njia kwa zote hizi, haikuwa na betri, na hadi leo mamia ya wapigaji wakubwa hawana. Isitoshe betri ina masharti yake. Nyingi zinawaka pale tu unapochomeka waya na kuzimika unapouchomoa; ukiuacha waya ndani kutoka mazoezi ya Jumamosi hadi Jumapili, inanyonywa usiku kucha. Pasaka moja nilibaki nimesimama mbele ya kanisa zima, sauti inakoroma na kukatika katikati ya pambio, na duka la kuuza betri ya volti 9 limefungwa kwa sikukuu. Ukija kumiliki ya namna hiyo, chomoa waya kila ukimaliza na uwe na betri ya akiba kwenye mkoba.

Nikiwa hapo kwenye umeme, niseme na hili, ni la usalama wako. Ukishika nyuzi na midomo ikagusa maikrofoni ukahisi kupigwa, hata kidogo, weka gitaa chini. Nyaya za ukumbi hazina athi au imekatika mahali. Hiyo ni kazi ya fundi umeme na mnaisimamisha ibada hadi ifanyike. Kwa upande wa mvumo wa kawaida, ule wa "mmmm" usiokoma: ukigusa nyuzi ukapungua, waya wa athi ndani ya gitaa uko sawa na kinachohitajika ni kulipaka shimo la pikapu na la vitasa utepe wa shaba. Usipobadilika kabisa hata ukigusa, angalia kwanza ule waya mwembamba unaokwenda chini ya daraja. Mara nyingi umeachia, na tone moja la risasi linaumaliza.

Rafiki yako tusimdharau. Pikapu ina siku yake, nayo ni pale shingo ni nzima, nyuzi ni mpya, gitaa limesetiwa, njia ya kwenda kwenye miksa iko sawa, na bado husikii sauti unayoitafuta. Hapo unajua unachonunua. Tazama kwanza umbo la zilizopo. Kama ni zile za Precision, vipande viwili vilivyopishana, umebahatika, kwa sababu umbo hilo lililotoka mwaka 1957 ni la wote: Seymour Duncan, DiMarzio na Fender wenyewe wana zinazoingia bila kuchonga mbao. Kama ni masanduku ya plastiki yenye vipimo vya kiwandani tu, huenda usipate inayoingia, na kutoboa gitaa la laki tatu na nusu kwa ajili ya pikapu si hesabu. Ukibadilisha, mwambie fundi abadilishe na poti, zile zilizo chini ya vitasa vya volyumu na toni, ziwe za ohmu 250,000, na kapasita iwe ya maikrofaradi 0.047, ni vitu vya bei ndogo na mnakuwa mmeshafungua. Daraja zito na vifunguo vya kifahari viache. Kama gitaa linashika tyuni ibada nzima, vilivyopo vinatosha.

Nyuzi tano. Sababu ya mpiga kinanda ni ya kweli. Noti ya chini kabisa kwenye besi ya nyuzi nne ni E, na E-flati iko nusu hatua tu chini yake, mahali ambapo gitaa lako limeishia. Kila wimbo ukirudi nyumbani wewe unalazimika kurukia juu, na kwaya inakosa sakafu. Lakini besi ya nyuzi tano ya bei ya chini ina shida mahali palepale unapoihitaji: uzi wa B unalegea kama kamba ya nguo, kwa sababu uzi mnene hivyo unadai shingo ngumu na kazi safi, na hivyo ndivyo viwanda hupunguza kwanza. Halafu noti ile ya B ina mitikisiko 31 kwa sekunde. E ina 41. Spika zenu za ukumbi zikiwa za inchi 12 bila bini, yale masanduku makubwa ya spika za sauti za chini, B hiyo utailipia na hutaisikia. Na shingo inakuwa pana, jambo ambalo mikono yako haitalifurahia.

Nikupe njia nyepesi. Ushushe uzi wa E peke yake hadi D. Umepata E-flati kwenye freti ya kwanza, na D ikiwa wazi. Kwenye uzi huo mmoja kila noti imesogea freti mbili. Wiki mbili za mazoezi vidole vinazoea. Ukiona unaishi chini huko kila Jumapili, weka nyuzi nne za chini za seti ya nyuzi tano, yaani B, E, A, D, kuanzia unene wa .130, na fundi akupanulie kwa tupa ndogo mifereji ya kile kipande kidogo cha kichwani ambacho nyuzi hupitia. Utakuwa umepoteza uzi wa G, ambao kwaya haitauulizia.

Mikono midogo isikutie hofu wala asikutishe nayo mtu. Carol Kaye alipiga besi kwenye studio za Los Angeles, rekodi kwa maelfu, kwa Fender Precision ya urefu wa kawaida. Kwenye freti za mwanzo usilazimishe kidole kimoja kila freti. Kidole cha pete na cha mwisho vifanye kazi pamoja, mkono usogee badala ya kutanuka, dole gumba likae nyuma ya shingo katikati. Ukinunua, tafuta shingo ya aina ya Jazz Bass, ambayo tangu mwaka 1960 huanza na upana wa kama milimita 38 kichwani. Za Precision kwa kawaida ni 41 hadi 44. Tofauti hiyo utaihisi sekunde ya kwanza. Zipo pia besi fupi, urefu wa uzi inchi 30 badala ya 34. Ni tamu kushika na sauti yake ni ya mviringo, ila uzi mnene unalegea kidogo, na kwa kuwa wewe unataka kwenda chini hadi D, sikushauri.

Basi hesabu yako. Kama shingo ni nzima, toa kwenye akiba hela ya nyuzi, ya fundi wa kuseti kama huna uhakika na mkono wako, na ya DI. Iliyobaki irudishe benki. Piga hivyo miezi sita.

Kama shingo imekufa, kwa milioni moja na ushee usitafute jina, tafuta kiwanda kinachofanana kutoka gitaa moja hadi jingine. Yamaha TRBX174 sijawahi kujutia kumshauri mwanafunzi: haina betri, ina pikapu ya Precision na ya Jazz pamoja, na shingo zake ninazozipima zinakuwa zimenyooka. Squier Affinity ya umbo la Jazz ni nzuri kwa mkono wako, ila ncha za freti zipitishie kidole, nyingine zinakwaruza. Ibanez GSR200 ina shingo nyembamba inayokimbia, na kitasa kimoja cha kuongeza uzito kinachotumia betri. Kati ya hizi, kwako ningeanza kushika ya Squier, kisha ya Yamaha, na ningenunua ile yenye shingo nzuri zaidi siku hiyo hata kama rangi yake siipendi. Iliyotumika nayo ni halali kabisa. Shingo iliyokaa miaka kumi bila kujisokota imeshafaulu mtihani ambao mpya haijaufanya.

Ukiona jina la Fender kichwani kwa laki nne au tano, hilo ni jina lililobandikwa. Siyo kila lililobandikwa ni baya kulipiga, lakini lipe bei ya gitaa lisilo na jina.

Milioni tatu ikifika, usiimalizie yote kwenye mbao. Squier Classic Vibe ya Jazz, au Yamaha BB434, ni besi ambazo ungeweza kuzeeka nazo, na chenji inakununulia amplifaya ya besi yenye spika ya inchi 12 au 15 ili ujisikie jukwaani bila kumtegemea fundi mitambo. Fender Player inayotengenezwa Ensenada, Mexico, ni hatua nyingine juu, mzigo mzuri, lakini itakula karibu fungu lote kabla ya usafiri na ushuru. Kati ya besi yako ya sasa na Classic Vibe utasikia tofauti wewe na kwaya. Kati ya Classic Vibe na ile ya Mexico utaisikia wewe zaidi kuliko wao. Ningekuwa mimi ningechukua ya kwanza na amplifaya, kisha Jumapili usiku niwe nawasikiliza akina Tommy Malanga wa Les Wanyika: noti chache, kila moja imewekwa pale miguu ya watu inapotua. Uko Morogoro, mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Wazee waliocheza muziki huo bado wapo mtaani kwenu, waulize besi ilikuwa inasema nini.

Siku ukija Dar kununua, uje asubuhi, duka likiwa halina kelele. Kabla ya kuchomeka waya, laza sikio kwenye pembe ya juu ya gitaa upige kila freti ya kila uzi, polepole. Kwa besi ya freti ishirini na nyuzi nne, ni noti themanini. Unatafuta noti inayokufa mapema kuliko jirani zake, au inayokwaruza peke yake. Kisha fanya kile kipimo cha kadi, mbele ya muuzaji, bila haraka. Anayekukataza kupima umeshamjua. Ukirudi kwa treni au basi ishike mwenyewe, usiiweke kwenye buti. Na ukifika nyumbani iache ndani ya mkoba wake hadi kesho yake asubuhi, shingo iizoee hewa ya huko, ndipo uifungue na kupima tena ule mwanya wa freti ya saba.